Mume Wangu Amehamia Kwenye Lori Lisilo na Namba

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na minne, nakaa Visiga, na sikujaliwa mtoto. Bwana Mhariri, naomba jina langu ulifiche, ingawa wa huku watanijua tu, maana mwenye lori hapa ni mume wangu peke yake.

Mwaka jana alikuwa akirudi na abiria kutoka Dar es Salaam, tembo la mnazi kichwani, akaliingiza lori mtaroni pale Kongowe. Mama mmoja alivunjika mkono. Korti ikamnyang'anya leseni, na askari akaja na spana akafungua vibao vya namba, mbele na nyuma, ili hata mtu mwingine asiliendeshe. Majirani waliozoea kuja kuomba lifti hawaji tena hata kuomba moto.

Yeye amehamia kwenye usukani. Asubuhi analipangusa lori, kisha anaandika namba kwa chaki pale palipokuwa na kibao. Mvua ikifuta, anaandika tena. Chakula nampelekea dirishani. Nikimsemesha ananijibu, "Weka hapo." Wenzangu wanalalamikia wake wenza wenye miguu, wangu ana magurudumu na hata kuhama hawezi.

Sasa muda wa adhabu unakwisha. Bwana Shauri, mkuu wa wilaya kule Kisarawe, amesema vibao vitarudishwa iwapo mtu wa nyumbani ataapa kwamba dereva ameacha pombe. Kaka zake wamekataa. Nimebaki mimi.

Juzi jioni alinifungulia mlango. Tangu anioe sijawahi kukaa kiti cha mbele, kilikuwa cha wakubwa, mimi nilipanda nyuma na magunia ya muhogo.

"Njoo ukae, mke wangu," alisema. "Mwezi ukiandama tutakwenda Kisarawe. Ukisema wewe, wataamini."

"Umeacha kweli?"

"Nimeacha. Muulize yeyote."

Akaniwekea mkono begani, na tembo likanuka. Nilitaka kushuka. Sikushuka. Tulikaa mpaka giza likaingia, tukizungumza habari za shamba, kwa sababu ni muda mrefu sijazungumza na mtu. Nilifurahi, na hilo ndilo linalonitisha.

Nisipoapa, mlango ule utafungwa, nami nitarudi kupitisha sahani dirishani. Nikiapa nitampata mume wangu, lakini huko nyuma mtakaopanda ni ninyi wasomaji wa huku na watoto wenu. Basi nishaurini ninyi wenyewe, nifanye nini?