Lango la Thirza Calvert

Thirza Calvert hakuzaa, lakini hakuna mtoto wa bonde la Skelgarth ambaye hakuwahi kugombezwa naye. Neno lake lilikuwa moja tu: "Lango!" Ukikatiza shambani kwake ukaliacha wazi, sauti hiyo ilikufuata hadi mlangoni kwenu. Mume wangu, aliyekulia hapa, husema alijua kutamka lango kabla ya kutamka mama.

Shamba alilirithi kwa baba yake akiwa bado msichana, kondoo na kuta za mawe na vyote, akalibeba peke yake. Hukumkuta amekaa. Hata kanisani alisimama nyuma karibu na mlango, kama mtu aliyeacha sufuria motoni.

Siku ya theluji tu ndiyo aliyoliacha lango wazi. Mteremko wake ndio mzuri kuliko yote kwa sleji, vile vibao vya kuteleza juu ya theluji, ila chini kuna ukuta wa mawe, na pa kupita ni pale langoni tu. Kwa hiyo Thirza alilifungua hadi mwisho, akalizuia kwa jiwe, na watoto wakapita mbio hadi shamba la chini, ambako ni tambarare na sleji husimama zenyewe. Baba yake alifanya hivyohivyo.

Mimi sikuwahi kuipenda siku hiyo. Wazazi wenzangu walikaa juu wakinywa chai, mimi nikasimama katikati ya mteremko nikitazama. Mwaka ule pia, jirani yetu Clem hakukosa la kusema.

"Noreen, unalinda nini hapo? Kilima hakitatoroka."

"Niache, Clem."

"Basi panda sleji, nikusukume taratibu."

"Ukinigusa nitakusukuma mimi, tena si taratibu."

Juu, binti yangu Hettie alikuwa ameshalala kifudifudi juu ya gunia la mbolea la nailoni lililojazwa nyasi kavu. Gunia la mbolea huenda kasi kuliko sleji yoyote ya mbao, na halina usukani wala breki. Nilitazama chini, kama nilivyotazama kila mara kabla hajashuka. Upepo ulikuwa unapeperusha theluji na macho yaliniuma. Kwa kawaida, katika lile pengo la ukuta, niliona hori la maji la shamba la chini. Sasa sikuliona. Niliona weupe mtupu, na ndani ya weupe huo mistari iliyolala, mmoja juu ya mwingine.

Lango lilikuwa limefungwa.

"Hettie, usishuke!" Upepo ukaichukua sauti yangu. Nilipogeuka, alikuwa ameshajisukuma.

Thirza alikuwa pale chini. Alikuwa ametoka shamba la chini na gunia la chakula cha kondoo, akalipiga jiwe teke na kulifunga lango nyuma yake, kama mkono wake ulivyofanya maisha yake yote. Nilimwona akinigeukia, nikanyoosha kidole, akaelewa. Akalivuta lango. Theluji ilikuwa imeshalundikana, halikusogea. Hettie akanipita akicheka, nikaruka kulidaka gunia, nikadaka theluji. Niliwaza jambo moja tu, kwamba kichwa chake kimetangulia.

Ndipo Thirza akaita. Hakumwita mtoto, aliwaita kondoo, kwa ile sauti yake, huku akimwaga chakula mbele ya lango. Walikuwa wamejikinga upepo kando ya ukuta, majike wenye mimba, mali yake yote ya mwaka. Wakaja mbio, wakasongamana, mgongo kwa mgongo.

Hettie akaingia katikati yao. Nikaona manyoya, miguu, gunia likiruka juu. Kisha sikuona kitu.

Sijui nilifikaje. Thirza alikuwa amepiga magoti, anawasukuma kondoo kwa mabega.

"Yuko hapa, Noreen, yuko hapa. Anapumua."

Hettie alikuwa na damu puani na nyasi mdomoni. "Shangazi Thirza," akasema, "kondoo wako wananuka."

Thirza hakucheka. Alikuwa akimtazama jike mmoja aliyeshindwa kuinuka. "Nimelifunga mimi," akasema. "Mimi mwenyewe."

Mikono yangu ilikuwa inampapasa mtoto kichwa, shingo, kichwa tena.

Jike yule alikufa kabla ya jioni. Thirza hakutaka tulitaje jambo hilo. Alichofanya, alileta nyundo akaling'oa lango kwenye bawaba, akalilaza nyuma ya zizi, na hakulirudisha hata theluji ilipoyeyuka. Mpaka leo kondoo wake hutoka watakavyo. Wamekula kabichi zangu mara mbili.

"Thirza, kondoo wako tena!" Clem humpigia kelele barabarani.

"Wafukuze basi," humjibu.

Mimi siwafukuzi. Lakini theluji ikianguka, bado nashuka hadi kwenye pengo lile kabla ya watoto wote, napitisha mkono hewani pale lango lilipokuwa.