Siku Jenereta Lilipoingizwa Stoo

Mume wangu alikuwa mtu wa mizani katika jineri ya ushirika, kiwanda cha kuchambua pamba, pale Bariadi. Wanunuzi binafsi waliporuhusiwa, magari yao yakaanza kufika hadi mashambani, Nkoma na Mwamapalala, na wakulima hawakuona tena sababu ya kuusubiri ushirika. Jineri ikapunguza watu, halafu ikapunguza tena. Mara ya pili walimpunguza na yeye. Alirudi nyumbani asubuhi na kikombe chake cha chai ndani ya mfuko wa koti la kazi, akakaa kitandani bila kuvua viatu.

Mafao yake yote yaliishia kwenye jenereta dogo na friji iliyokwisha kutumika, akavisafirisha kutoka Mwanza juu ya lori la chumvi. Mtaa wetu haukuwa na umeme. Alisema watu wanaotoka mnadani na kiu watalipia soda ya baridi, na kweli walilipia. Kijumba chetu cha mbele tukakifanya duka. Nyuma ya duka kulikuwa na stoo, na baada ya stoo chumba cha mama yake. Kuta za ndani hazikufika kwenye bati, kwa hiyo mtu akikohoa chumba kimoja, nyumba nzima inasikia.

Jenereta lile lilitumia mafuta ya aina mbili. Lilikuwa na tangi dogo la petroli na kubwa la mafuta ya taa. Unaliwasha kwa petroli, unaliacha lipate moto, ndipo unageuza koki liendelee na mafuta ya taa, ambayo yalikuwa rahisi kupatikana. Kabla ya kulizima unarudisha petroli kidogo, vinginevyo kesho utavuta kamba mpaka bega likuume. Muuzaji wa Mwanza alimfundisha mume wangu, naye akanifundisha mimi, kwa furaha ya mtu aliyepata kazi tena. Likae uani, mbali na madirisha, kwa sababu moshi wake unaua. Lisiongezwe mafuta likiwa linanguruma wala likiwa bado la moto. Soketi zisiguswe kwa mikono iliyolowa. Siku alizokwenda kuchukua soda niliwasha mimi.

Mama mkwe wangu alikuwa ametoka upande wa Mwanhuzi, ukame ulipomaliza ng'ombe wake. Alilichukia lile jenereta kwa kelele zake, lakini kila likiwashwa baada ya chakula cha mchana alilisalimia kwa Kisukuma, "Mwadila," salamu ya baada ya adhuhuri, kama mgeni aliyechelewa, akaingia chumbani kwake kulala. Tulicheka kila siku.

Siku yenyewe nilikuwa nimekwenda Nkoma kumsaidia mama yangu palizi. Mvua ilinikuta njiani nikirudi kwa baiskeli, mvua ya upepo, inayopiga kwa ubavu. Nilipofika, dirisha la duka lilikuwa limefungwa na mlango umefungwa. Nikasikia jenereta linanguruma, ila sauti haikutoka uani. Ilitoka ndani ya nyumba.

Nilisukuma mlango. Hewa ya ndani ilikuwa ya joto na nzito, na friji ilikuwa inafanya kazi kama kawaida. Mume wangu alikuwa amelala chini kati ya kaunta na mlango wa stoo, mkono mmoja umeelekea mlangoni. Nilielewa papo hapo alichofanya. Mvua ilikuwa inalipiga jenereta uani, na wezi walikwisha kutuibia dumu la mafuta, hivyo akaliingiza stoo. Huenda alisema ni kwa muda mfupi tu, mpaka mvua ipungue. Yeye ndiye aliyenifundisha moshi wake unaua.

Nilishika pumzi, nikaingia stoo, nikafunga koki na kuzima. Nikamburuta kwa makwapa mpaka nje kwenye matope. Nikarudi kwa mama mkwe. Alikuwa kitandani, amejifunika khanga yake, na alikuwa mwepesi kuliko nilivyodhani. Nikamlaza kando ya mwanawe, mvua ikiwapiga usoni wote wawili, nami nikapiga yowe.

Majirani walikuja. Mmoja alisema ni radi. Mwingine akanong'ona kwamba kuna watu hawakupendezwa na ile friji. Mama mmoja alileta maziwa na kujaribu kumnywesha mume wangu, nikamzuia mkono kwa sababu hakuwa anameza. Karani wa kampuni ya pamba alikuwa amesimamisha pikapu yake karibu kwa ajili ya mvua. Yeye ndiye aliyetubeba, juu ya magunia, mpaka kituo cha afya cha misheni.

Tabibu alikuwa mtu wa makamo, mpole. Aliuliza kama tulikuwa tumewasha jiko la mkaa ndani. Nikamwambia ni jenereta. Akatikisa kichwa, akasema moshi huo unachukua nafasi ya hewa katika damu, na dawa yake ni oksijeni. Mashine ya oksijeni alikuwa nayo, ndogo, ya kutumia umeme. Umeme ndio haukuwepo. Jenereta lao kubwa lilikuwa limeharibika na lilikuwa likisubiri kipuri.

Alinitazama, akauliza polepole, "Mama, hilo lenu bado linawaka?"

Nilirudi na yule karani. Tuliliinua likiwa bado na joto, tukalifunika turubai, tukachukua na madumu. Njia nzima nililishikilia kwa mikono miwili. Nililichukia, na niliogopa lisianguke.

Kituoni mvua ilikuwa bado inanyesha. Watu walikwisha kusafisha nafasi kwenye korido, chini ya dirisha la wodi, mahali pakavu. Karani na mhudumu wakalitua hapo na kuanza kutafuta soketi. Nikasema hapana.

"Kuna bati hapa, dada, huko nje linalowa," karani akasema.

"Ndivyo alivyofikiri mume wangu," nikamwambia. "Hapa haliwashwi."

Tukalibeba mpaka ng'ambo ya uwanja, upande ambao upepo ulipeleka moshi mbali na wodi. Tukapanga matofali liinuke kwenye maji, tukasimamisha miti minne na kuweka mabati juu, pande zote wazi. Fundi wa kituo akaleta waya mrefu, akaupitisha juu ya kamba ya kuanikia nguo usiguse maji. Nilijifuta mikono kwa sketi, sketi nayo imelowa, mpaka muuguzi akanipa taulo. Nikafungua petroli, nikavuta choki ya kubana hewa, nikavuta kamba. Halikuwaka. Nikavuta tena na tena, huku nikisema maneno ambayo hayakuwa sala kamili. Likakohoa, likashika. Nilitamani kugeuza koki pale pale, nikajizuia mpaka likapata moto. Ndipo nikaliweka kwenye mafuta ya taa, na mhudumu akapunga mkono kutoka dirishani kwamba mashine inafanya kazi.

Tabibu alivuka uwanja bila mwavuli. Akasimama kando yangu, akasema mama mkwe wangu alikuwa amefariki kabla sijarudi na jenereta. Hakutaka kuniambia mapema, alisema, kwa sababu alihitaji mikono yangu. Nilimshukuru. Sijui kwa nini nilimshukuru.

Nilibaki kwenye jenereta kwa sababu sikuwa na pa kwenda. Mafuta yalipokaribia kwisha, karani alifungua dumu, akataka kumimina bila kuzima, kwani mgonjwa alikuwa kwenye oksijeni. Na mimi nilitaka. Niliona dumu karibu na lile bomba la moshi lililowiva, nikawaza moto, na watu wote wale waliolala wodini. Nikamtuma mtu kumuuliza tabibu. Akajibu kwamba mgonjwa anaweza kuvumilia kidogo. Nikarudisha petroli, nikazima, kukawa kimya.

Sijawahi kusubiri kitu kama nilivyosubiri chuma kile kipoe. Niliweka kiganja karibu nacho, bado. Kila nilipotazama dirisha la wodi niliona mgongo wa muuguzi umeinama, nisijue ameinama kwa nini. Nilimwaza mama wa Mwanhuzi peke yake katika chumba kingine, na mimi niko nje nachunga mashine iliyomuua. Kilipopoa nikamimina taratibu, nikapangusa yaliyomwagika, nikavuta kamba. Safari hii liliwaka mara moja.

Mume wangu alifungua macho kesho yake. Alinijua. Wiki za mwanzo tulidhani amepona, kisha akaanza kusahau. Mikono yake ilikumbuka jembe, kwa hiyo tulihamia Nkoma kulima pamba kwenye shamba la wazazi wangu. Lakini asubuhi aliuliza kama mama yake amekunywa uji. Nikamwambia amefariki, akaduwaa, akaenda shambani. Jioni aliuliza tena. Ikafika wakati nikawa namwambia amelala, na nikiona namdanganya mtu mzima, mume wangu, nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia.

Ilipita misimu. Siku moja tulikuwa tunachuma pamba, kila mtu na mstari wake, akanyoosha mgongo na kunitazama.

"Mama alikufa," akasema. "Siyo?"

"Ndiyo."

"Mimi nililiingiza ndani."

Alikaa chini kati ya mipamba, akaanza kumlilia mama yake, wakati sisi wengine wote tulikuwa tumekwisha kulia. Niliweka kapu chini, nikakaa naye.