Swali Kuhusu Barabara ya Oicha

Katika miaka ile ya vita mashariki mwa Kongo, hakuna aliyeweza kusema kwa hakika kama barabara itokayo Beni kwenda Oicha ilipitika. Jeshi lilisema ni salama. Wasafiri walijua kwamba usalama wa asubuhi hauhesabiki mchana. Mimi nilifundisha historia na Kilatini huko Butembo, na nilikuwa nimefungua ukurasa mtandaoni ili kuandika habari za kale za vilima vyetu. Wasomaji walikuwa wachache. Siku nilipoongeza sentensi mbili kuhusu barabara, wakaja madereva wa malori, wanunuzi wa kakao, akina mama wauza maharage. Tangu hapo niliandika hali ya barabara kila asubuhi, kabla ya kuingia darasani.

Kanuni yangu niliirithi kwa mapadri walionisomesha: shahidi mmoja si shahidi. Sikutangaza jambo lisilothibitishwa na watu wawili, kila mmoja kwa macho yake. Wasomaji walinitania kwamba naandika kama hakimu, lakini waliniamini, nami, nakiri, nilianza kupenda kuaminiwa.

Alhamisi moja mdogo wangu wa kike alikuwa Beni, akitafuta pikipiki ya kwenda Oicha kumchukua mama yetu. Mama alikuwa amekataa kuiacha kakao yake mpaka bunduki ziliposikika nyuma ya shamba. Sasa aliketi kibarazani na mzigo wake, akingoja.

Saa moja na nusu asubuhi mwenye duka mmoja wa Oicha aliniandikia: ameona watu wakitoka msituni mbio. Huyo alikuwa mmoja. Nikauliza katika kikundi cha mtandaoni cha madereva wa pikipiki wa Beni: je, kuna aliyesikia habari ya watu wanaokimbia karibu na Oicha? Baada ya dakika kumi dereva mmoja akajibu: “Ndiyo mwalimu, batu banakimbia. Njia hapana muzuri.” Nikatangaza. Malori yakazima injini.

Mdogo wangu, ambaye huniita Yaya, yaani mkubwa wake, akapiga simu.

“Yaya, motari wa pikipiki anakataa kwenda. Anasema ni weye umefunga njia.”

“Ngoja hapo hapo.”

“Na mama? Nimuambie nini?”

“Mwambie akae ndani.”

“Mama huyu? Weye unamujua kweli?”

Nikampigia yule dereva, nipate mahali hasa.

“Uliwaona wapi hao watu?”

“Miye? Hapana, sikuona mutu.”

“Nani basi alikuambia?”

Akacheka. “Aa, mwalimu! Si ni weye uliuliza asubuhi? Weye hauulizaka bure.”

Kumbe nilikuwa na shahidi mmoja, na mwangwi wa sauti yangu mwenyewe. Na huyo mmoja, saa tatu, aliandika kwamba wakimbizi wamerudi mashambani: walikuwa wamewadhania wapasua mbao kuwa watu wa silaha.

Niliandika masahihisho, nikaeleza kosa langu hatua kwa hatua, bila kujipunguzia lawama. Nikamwambia mdogo wangu awaonyeshe madereva. Alirudi kwenye simu akisema kwa sauti ya chini.

“Bote bamesoma. Banasema waasi ama basoda ba jeshi bamekukamata, bamekulazimisha kuandika vile.”

“Waambie niko shuleni, nasikia kengele.”

“Nimebaambia. Banasema utasema nini ingine, na bunduki kichwani?”

Hakuna pikipiki iliyotoka. Mchana simu ya mama haikupatikana. Jirani yake akasema kibaraza ni kitupu. Nilisimama mbele ya wanafunzi wangu na chaki mkononi, nisikumbuke nilikuwa nimeanza kuandika nini.

Mama hakungoja. Alitembea kutoka Oicha hadi Beni na mzigo kichwani, akafika jua likizama. Magoti yake hayakupona. Wiki ile, uvumi wa kukamatwa kwangu ukienea, wasomaji wangu waliongezeka kuliko wakati wowote, na sikuandika tena hali ya barabara.