Walipomuuliza Nyirabizimana Kama Alijua

Juru, katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, mwanamke aliyekaa katika ndoa miaka kumi na minne bila mtoto ni kama hana jina. Wenzake ni Mama huyu na Mama yule. Nyirabizimana yeye aliitwa kwa jina la mumewe, bibi ya Muhirwa, basi. Kanisani, akina mama wakiambiwa wasimame waombewe, hakujua asimame au abaki kwenye benchi. Alitaka mtoto mmoja tu. Na asije mtu hapa akaniambia eti hilo ni jambo dogo!

Mwaka 2010, Nyirabizimana akiwa na miaka thelathini na saba, Muhirwa aliuza ng'ombe wakaenda kliniki moja ya Mbarara, kwa Daktari Naboth. Mtu mpole huyo, lazima niseme. Alimpiga picha ya mirija ya uzazi, akaitazama kwenye mwanga, akasema, "Mama, mirija imechoka kidogo. Tutaanza sindano za kukomaza mayai." Mama! Hakuna aliyewahi kumwita hivyo. Picha iliwekwa kwenye bahasha pamoja na karatasi ya Kiingereza, naye akaenda kuihifadhi ndani ya sanduku, chini ya vitenge.

"Sindano usinunue kwingine, wanauza feki," daktari alimwonya. "Nenda kwa mke wangu, Stellah, duka lile pale. Mwambie nimekutuma mimi."

Stellah alimpa kiti na soda, akamuuliza habari za nyumbani. Sasa, nyinyi mliosoma mngeshtuka hapo hapo. Nyirabizimana alifurahi. Kwa wafugaji wa kwao, milima ya Kivu Kusini, mtu akikuingiza kwa mkewe amekufanya ndugu, na ndugu haulizwi anapata nini kwako. Alirudi Juru akijisifu kwa jirani yake Pélagie: "Munganga amenituma mu nyumba yake mwenyewe! Haiko kila mutu anatumwa kule."

Akachomwa sindano miaka mitatu. Ng'ombe wakaisha, wakahamia kwenye kuuza maharage. Kila mwezi alisubiri, na kila mwezi alilia chooni ili Muhirwa asisikie, na Muhirwa alisikia.

Mwaka 2013 ndipo alipokuja Kobusingye, wakili kijana wa shirika moja, kuzungumza na wanawake wa Juru kuhusu haki za wagonjwa. Akaomba kuona karatasi. Bahasha ikatolewa, Kobusingye akaipeleka kwa daktari mwingine, akarudi uso umembadilika.

"Mama, hii mirija nafungwa yote mbili," alisema kwa Kiswahili chake cha Mbarara. "Tangu siku ya kwanza. Mayai nakomaa, lakini njia hakuna. Yeye nalipaswa kutuma wewe Kampala kwa operesheni, wakati miaka bado iko."

Nyirabizimana alikuwa na miaka arobaini. Aliuliza kama sasa angeweza kwenda. Kobusingye alirudisha picha ndani ya bahasha, akasema miaka imeshapita.

Wakaandika malalamiko, mashtaka mawili: kwamba daktari alimpa tiba isiyofaa, na kwamba alificha kuwa duka la sindano ni la nyumbani kwake. Yaliandikwa kwa Kiingereza, Nyirabizimana akaweka dole gumba. Kobusingye hakumuuliza kama alijua habari za duka. Aulize nini? Kichwani mwake, anayejua duka ni la nani haendi.

Kamati ya nidhamu ya madaktari ilikaa mwaka uliofuata, kwenye ukumbi mmoja Kamukuzi, pale Mbarara. Asubuhi nzima madaktari walibishana juu ya ile picha. Huyu anasema mirija imefungwa, yule anasema mirija hujikaza mgonjwa akiogopa, picha inaweza kudanganya. Mchana mwenyekiti akasema madaktari wana haki ya kutofautiana, shtaka la kwanza limeanguka. Likabaki moja, la kuficha. Likisimama, Naboth angenyang'anywa leseni.

Kobusingye alimnong'oneza, "Wao nauliza kama wewe nalijua duka ni ya bibi yake. Wewe nasema hapana. Hiyo tu."

Nyirabizimana alimgeukia. Hapana? Alikuwa amekunywa soda ya yule mwanamke! Na mkono wake ulikuwa juu ya Biblia. Alitamani kuuliza, lakini mwenyekiti alikwisha kumgeukia, na mkalimani akatafsiri.

"Ulijua kwamba duka lile ni la mke wa daktari?"

Alimtazama Kobusingye. Alimtazama Naboth, ambaye jasho lilikuwa linamtoka. Angesema neno moja tu, yule mtu angekwisha. Lakini ingekuwa uongo, na yeye hajazoea.

"Nilijua. Alinituma kwa watu wake. Ndiyo maana nilimuamini."

Kobusingye alifunga faili. Mwenyekiti akaandika, akasema kwamba hakuna kilichofichwa: ikiwa mgonjwa alijua na akanunua, basi alikubali.

"Nilikubali nini?" aliuliza Nyirabizimana. Mkalimani hakulitafsiri hilo, watu walikuwa wanainuka. Naboth akaja, akamshika mkono kwa mikono miwili. "Asante sana, Mama." Naye, maskini ya Mungu, akaitikia kama anayeagwa na mgeni, halafu akabaki anautazama mkono wake.

Nje, Muhirwa alikuwa ameketi ukutani, kofia mapajani.

"Wamesema nini?"

"Wamesema nilijua."

"Ulijua nini?"

"Duka ni ya bibi yake."

Muhirwa alifikiri. "Na njia kufungwa, ulijua?"

"Hapana."

"Yeye munganga, alijua?"

"Picha alikuwa nayo."

"Sasa kwa nini wamekuuliza weye?"