Gari Tulilomuuzia Mtani Wangu

Mpaka leo nikisikia harufu ya pati mbichi, ile ya kujazia mabonde kwenye bodi ya gari, nachefuka. Wenzangu wa ufundi wanasema inawakumbusha ujana. Mimi inanikumbusha gari jekundu lisilo na paa, na mdomo wangu mwenyewe, ambao siku ile ulisema kweli tupu na bado ukamponza mtu.

Nilikuwa fundi wa kuchomelea katika gereji moja pale Visiga, kando ya barabara ya Morogoro. Ilikuwa miaka ya vijiji vya ujamaa, spea hazipatikani, sabuni kwa foleni, na gari likipata ajali halitupwi hata likibaki usukani na honi. Tajiri wangu, mwenye gereji, alikuwa mtu mnene mwenye tabia ya kuchokonoa meno kwa njiti ya kiberiti huku akizungumza na wateja. Akimaliza anaitoa, anaitazama, anairudisha mdomoni. Nilimwogopa, nilimdharau, na nilikula kwake miaka sita. Sijui katika hayo matatu ni lipi linalonitia aibu zaidi.

Gari lenyewe lilikuwa la mkandarasi mmoja wa Kizungu. Lilikuwa la michezo, la viti viwili, la kufunikwa kwa turubai mvua ikija. Mzungu aliingia nalo chini ya lori la mkaa, kishindo kikamtupa kwenye kiti cha abiria, akarudishwa kwao amefungwa plasta mpaka shingoni. Tajiri akalinunua kama chuma chakavu. Lilikuja likiburutwa, limekunjika katikati, na kwenye kiti cha abiria damu ilikuwa imekauka na nywele zimenata ndani yake. Nilikisugua kile kiti kwa mafuta ya taa na brashi ya viatu siku nzima. Tajiri alikuja akainama, akanusa, akasema, "Safi. Atakayekikalia atadhani ngozi mpya." Kisha akaendelea kula karanga zake.

Gari la kawaida hushikiliwa na paa na sakafu kwa pamoja. Hili halikuwa na paa, kwa hiyo sakafu ndiyo iliyokuwa kila kitu. Na sakafu hiyo ilikuwa imekatika upande wa abiria, kuanzia chini ya mlango hadi katikati. Nilimwambia tajiri kwamba linahitaji sakafu nyingine. Akaniuliza kama nimeiona ikiuzwa dukani. Basi nikaunga kwa vyuma viwili vya kitanda na vipande vya pipa la mafuta, juu yake nikapaka pati, nikapiga msasa, nikapuliza rangi nyekundu. Lilipendeza. Na nikiri kwamba nililizunguka mara tatu kulitazama, najisifu.

Ila lilibaki na ugonjwa mmoja. Mtu akikalia kiti cha abiria, sakafu ilibonyea kidogo, bodi ikaubana mlango, na mlango haufunguki tena mpaka ashuke. Tajiri hakuhangaika. Alibuni kwamba gari la michezo halifunguliwi mlango, mtu anarukia ndani. "Ndivyo wanavyopanda Ulaya," alimwambia kila aliyekuja kulitazama, yeye ambaye hakuwahi kufika hata Tanga.

Wengi walilitazama wakaenda zao. Nani angethubutu miaka ile kuonekana ndani ya gari jekundu la anasa, balozi wake wa nyumba kumi amwite kupe, mnyonya damu ya wananchi? Lilikaa pale uani mpaka kuku wakaanza kulala kwenye viti.

Ndipo akaja huyo bwana wa Kisarawe. Alikuwa Mzaramo, mrefu, mwembamba, mtu mzima wa miaka arobaini na kitu, mwenye duka dogo na mikorosho aliyoachiwa na baba yake. Hakuja kutafuta anasa. Alieleza waziwazi kwamba mama yake ana ugonjwa wa kifua, na kila Jumatano anatakiwa hospitali Dar es Salaam. Ndani ya basi, na lile vumbi na ule moshi, pumzi inamkata. Mara mbili ameshushwa njiani watu wakidhani ameshakufa.

"Nimesikia mna gari halina paa," alisema. "Mama yangu akae, upepo umpige usoni, apumue. Sitaki kingine."

Nilikuwa nimesimama na nyundo mkononi. Nilikifikiria kile kiti cha abiria na vyuma vya kitanda vilivyo chini yake. Tajiri akaniita.

"Njoo umweleze mteja. Huyu ndiye fundi wangu, Mnyamwezi wa Tabora."

Yule bwana aligeuka, akapiga makofi. "Mnyamwezi! Lo, mtumwa wangu! Kumbe ulijificha huku?"

Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu babu zetu waliposhuka pwani na mizigo ya misafara. Mtani anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako usikasirike. Anaweza kuchukua kuku wako ukabaki unacheka. Na lolote atakalosema, hakuna anayelishika. Tajiri wangu hakuwa wa kabila lile wala langu, lakini hilo alikuwa ameliona mapema kuliko mimi.

"Mtumwa wako nani?" nikamjibu. "Wewe Mzaramo jembe hulijui, mwaka mzima ngoma za mwali!"

"Babu yako alipita kwetu na mzigo kichwani, tukampa maji kwenye kifuu!"

"Aliwakuta mnacheza tangu alfajiri, akawaonea huruma!"

Tukashikana mikono tukicheka. Tajiri akasogea, na ile njiti mdomoni, akasema taratibu, "Haya, mweleze mtani wako habari za gari. Mwambie yote, usimfiche."

Nikamwambia yote. Nilimwambia, "Mtani, hili si gari, hii ni maiti. Lilikatika vipande viwili, nikaliunga mimi kwa vyuma vya kitanda." Akajishika mbavu. Nikamwambia kile kiti nilikiosha damu ya Mzungu kwa mafuta ya taa. Akaegemea bodi, machozi yanamtoka. Nikamwambia mama yake akikaa pale, siku moja atajikuta barabarani yeye na kiti chake.

"Kitanda!" alisema alipopata pumzi. "Mnyamwezi bwana! Kwa hiyo nitaendesha nimelala!"

Kila nilipoongeza kweli, naye aliongeza kicheko. Na hapa ndipo ninapojitia kinyaa mwenyewe, maana nilizidi kunogesha. Niliona uso wake unavyong'aa, nikapenda kwamba mimi ndiye niliyeung'arisha. Sauti nyingine nilikuwa nayo, ile ya chini ambayo kila mtani anaijua, inayosema sasa tumeacha mchezo. Ningeweza kumshika mkono, nimpeleke pembeni, nimlaze chini ya gari aone mwenyewe. Sikufanya hivyo. Nilimwogopa tajiri, ndiyo, lakini woga ulikuwa nusu tu. Nusu iliyobaki ilikuwa raha ya kuchekesha.

Alilipa, akarukia ndani kama alivyofundishwa, akaondoka akipiga honi na kuutukana ukoo wangu. Watu wa madukani walisimama kumtazama. Tajiri alingoja vumbi litulie, kisha akanigeukia.

"Umemwambia mwenyewe, kwa mdomo wako, nami nikiwepo. Hakuna aliyemficha kitu."

Akatema kipande cha njiti karibu na mguu wangu, akaingia ndani. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini alinitambulisha kwa kabila langu, mtu ambaye kwa miaka sita alikuwa akiniita "wewe". Nilitamani kumpiga na nyundo. Badala yake nilirudi kazini, nikachomelea geti la mtu.

Wiki tatu chakula hakikupanda. Kila siku ya zamu ya hospitali ya yule mama nilikuwa nikitega sikio barabarani, kana kwamba habari za Kisarawe zingenifikia Visiga. Jumamosi moja nilikwenda kuungama. Padri alikuwa mgeni wa nchi, mtu mwema. Aliniuliza kama nilisema uongo. Nikasema hapana. Akaniuliza kama nilificha kweli. Nikasema hapana, padri, niliisema yote. Akaniambia niende kwa amani, nisijitese bure. Nilitoka kanisani nikijiona mchafu kuliko nilivyoingia.

Siku ya hospitali iliyofuata sikwenda kazini. Nilipanda basi la kwanza mpaka Dar es Salaam, nikapanda lingine mpaka Kisarawe. Sikuhitaji kuuliza sana. Gari lilikuwa mbele ya duka, jekundu, limeoshwa, na mama yake alikuwa ameshakaa kwenye kiti cha abiria, amejitanda kanga. Majirani watatu wanne walikuwa wamesimama kumuaga.

"Mtumwa wangu kaja!" yule bwana alipaza sauti. "Mama, huyu ndiye yule Mnyamwezi wa kitanda!"

"Mbona amekonda hivi?" mama yake akauliza. "Mmiliki wake hamlishi?" Watu wakacheka. Kisha akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akaniambia kwamba tangu gari lije pumzi haijamkata njiani hata mara moja. Alikuwa anapumua vizuri, nilimsikia.

Nilimvuta mwanawe kando. Nilimwambia, "Kaka, leo sikutanii. Gari hili linakatika."

"Linakatika tena!" aliwatangazia majirani, na wote wakaangua kicheko.

Niliishika ile sauti ya chini, nikairudia, na bado walicheka. Nilikuwa nimeshaitumia ile kweli yote Visiga, haikubaki hata chembe ya kuaminika. Nikamwomba amfungulie mama yake mlango.

"Haufunguki akishakaa," alijibu kwa fahari. "Tunambeba sisi. Ndivyo wanavyofanya Ulaya."

Nililala chini mavumbini na shati langu la Jumapili, nikajisukuma chini ya gari. Pati ilikuwa imebanduka kama uji uliokaukia kwenye sufuria. Chuma kimoja cha kitanda kilikuwa kimeshaachia, kinaning'inia. Niliingiza vidole vinne kwenye ule ufa, vikapita vyote, vikagusa kitu cha uvuguvugu.

"Nani ananitekenya mguu?" mama yake akasema juu yangu, na watu wakacheka tena.

Nilitoka, nikamwambia yule bwana alale aangalie. Alilala bado anatabasamu. Niliiona miguu yake tu na makobazi yake, navyo vikatulia kwa muda mrefu. Alipotoka hakuwa anacheka. Yeye na majirani wawili wakamnyanyua mama yake kutoka garini.

"Kwa hiyo siku ile hukuwa unatania," aliniambia.

"Sikuwa."

"Na ulijua nitacheka."

Nikamwambia twende wote Visiga, nitamkabili tajiri, nitasema mbele ya yeyote. Akatikisa kichwa.

"Nikamwambie nini? Kwamba niliambiwa kila kitu, nikacheka?"

Nikangoja anitukane. Nilingoja aniite mtumwa, mwizi, mchawi, muuaji, anipige hata kibao. Mtani akikutukana bado una mahali kwake. Yeye alijipangusa vumbi magotini, akakunjua mikono ya shati, akasema kwa upole, "Asante kwa kuja, bwana. Umetoka mbali. Karibu chai."

Alizungumza nami kama anavyozungumza na karani wa kodi. Kisha akamweleza mama yake kwa Kizaramo, maneno machache. Mama akanitazama. Nikamwamkia, "Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba," alijibu kwa adabu zote. "Pole na safari."

Chai sikuweza kuinywa. Zamu ya hospitali ilikuwa haingoji, na basi la kwenda mjini likaja. Wakapanda wao, nami nikapanda hilo hilo kwa sababu lingine halikuwepo, nikakaa nyuma yao. Tulikuwa hata hatujafika Pugu pumzi ilipoanza kumkata. Mwanawe alivua kofia akawa anampepea, na kila alipovuta hewa ilitoka sauti kama ya mlango usiopakwa mafuta. Nilisimama, nikapigana na dirisha lao lililogoma, nikakivunja kitasa chake mpaka likashuka.

Yule bwana aligeuka. "Asante sana, bwana," alisema, akaendelea kupepea.