Ndafu Niliyoiingiza Kwenye Kikao cha Zabuni

Kuna watu hapa Moshi mpaka leo wakiniona tu wanalia mee kama mbuzi, na nimeona bora niseme mwenyewe kwa nini, maana habari inayozunguka mitaani imetiwa chumvi kuliko hata ninayotia mimi, na mimi kwa chumvi sina upungufu.

Mimi ni mhitimu wa shule ya jioni (ndiyo, cheti kipo, nimekitia fremu, mgeni haonjeshwi chai kabla hajakisoma), na baada ya kuhitimu nikajitawaza kuwa mshauri wa zabuni, yaani mtu wa kuwasaidia wafanyabiashara wadogo wapate kazi za serikali, kwa sababu nilishajua kutamka "vigezo na masharti" bila kucheka. Mteja wangu wa kwanza alikuwa Mama Aneth, kiongozi wa kikundi cha mama lishe wanaopika kando ya barabara kule Mawenzi, wali wa mchele wa Mabogini na maharage, mahali pasipo na paa. Mvua ya kwetu mnaijua haina adabu. Ikinyesha, maharage yanageuka supu na wateja wanageuka wanariadha. Sasa halmashauri moja (siitaji, nina watoto) ikatangaza zabuni ya kulisha wanafunzi wa chuo chake, na mshindi anapewa na jiko la kupikia, lenye paa, lenye mlango, lenye bomba. Mama Aneth hakutaka kingine duniani.

Fomu nilijaza vizuri, hapo mnipe haki yangu. Ikabaki sampuli: kila mwombaji alete mlo wa mtu mmoja, kwenye chombo kisicho na jina, ili wanaoonja wasijue nani kapika.

"Basi napeleka wali na maharage," akasema Mama Aneth.

"Sahani moja?" Nikacheka kicheko cha kisomi. "Mama, wakubwa wale unawapelekea sahani kama wamelazwa? Mgeni wa heshima huku kwetu anapewa nini?"

Akanitazama. "Ndafu?"

"Ndafu."

"Na hilo la jina?"

"Mbuzi hana jina, mama."

(Hoja hiyo niliiona ya kisheria kabisa.)

Kwa wasiotoka huku, ndafu ni mbuzi mzima wa kubanikwa, anapigishwa magoti kwenye sinia, majani mabichi mdomoni, na kwa kawaida anatolewa harusini, mkwe analishwa kipande mdomoni watu wakishangilia. Sasa ndafu haiingii kimya kimya kama mwizi, akina mama wakasema lazima kuwe na wimbo, na wimbo lazima umtaje aliyeleta, kwa hiyo mpaka tunafika mlangoni kwa vigelegele, jengo zima lilishajua jina la kikundi, jina la kiongozi, na marehemu babu yake wa Kibosho alikuwa mtu wa namna gani.

Ndani, waombaji wengine wamekaa na vihotipoti vyao vyenye namba tu, wametulia kama wanangoja kitubio. Ukutani bango la kukataza rushwa, herufi kubwa kuliko mbuzi wangu. Mwenyekiti wa kamati alikuwa mzee wa huku huku mlimani.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

"Marahaba. Kijana, hapa unamwoa nani?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Mwenye akili angegeuza sinia, lakini Mama Aneth, mkono wake ukifuata mila, alishakata kipande cha paja na kukipeleka mdomoni kwa mzee, na mzee, mila ni mila, akafungua mdomo. Ndipo afisa manunuzi, binti mmoja mgeni wa mkoa, akasimama kusoma kanuni inayokataza wajumbe kupokea chochote kutoka kwa mwombaji, akaisoma polepole, yote, huku mwenyekiti akitafuna. Kutema hawezi, ndafu haitemwi. Kumeza hawezi, kanuni inasomwa. Alitafuna, nawaambia, kwa muda ambao kahawa ya Kibosho ingeweza kupandwa, kuiva na kuchumwa.

"Mzee, umemeza?" akauliza binti.

"Bado, mama."

"Tutasubiri."

Alipomeza, akafuta midomo, akatangaza kwamba kikundi cha Mama Aneth kimeondolewa, na yeye pia anajiondoa, na mbuzi naye aondoke.

Tukamweka mbuzi barazani. Dereva mmoja wa ofisi akanisogelea, akaniita kwa jina la machifu wa huku kwetu.

"Mangi, huyu anamsubiri nani?"

"Alikuwa anasubiri paa," akajibu Mama Aneth. "Kuleni."

Wakala madereva, akala mlinzi, wakasifu mapishi mpaka mifupa. Bahati mbaya hakuna hata mmoja aliyekuwa mjumbe wa kamati. Kazi ilikwenda kwa watu waliopeleka wali na maharage.

Nimeapa: tangazo likisema sahani, ni sahani, hata kama anayeonja ni mkwe wangu mwenyewe. Masika ilipoanza nikapita Mawenzi kuomba radhi na (siwafichi) kula. Mama Aneth hakunipa kiti. Alinipa ncha ya turubai.

"Shika hapo, msomi. Juu kidogo."

Nikashika, maji yakinitiririka mkononi mpaka kwapani, wateja wakila chini yangu bila wasiwasi. Nikauliza nishushe saa ngapi.

"Zabuni nyingine ikitangazwa," akasema, akaendelea kupakua.