Seva ya Pale Pale Darasani

Wiki iliyopita nilikaa nyuma ya darasa la kompyuta mjini Masasi, nikimsubiri mwalimu, rafiki yangu wa siku nyingi. Alikuwa anafundisha kutengeneza tovuti. Mazoezi yote ya wanafunzi yalikuwa kwenye seva, yaani kompyuta inayotunza tovuti, na hiyo seva ilikuwa mbali. Mara mtandao ukakatika.

Mwalimu akafunga daftari. "Basi jamani, tuonane Jumatatu."

Watu wakaanza kukusanya mabegi. Mama mmoja wa makamo, aliyetoka Chilangala alfajiri, hakuinuka.

"Mwalimu, wiki ya tatu hii narudi bure," alisema taratibu. "Kwani hizi kompyuta za humu ndani hazijuani zenyewe kwa zenyewe?"

Mwalimu akacheka, kisha akaweka daftari mezani. Akaivuta kompyuta kuukuu ya kwenye kona, akachomeka flashi yenye programu, akaiunganisha na zile nyingine kwa waya. Baada ya saa nzima ya kukuna kichwa, ikawa seva.

Yule mama akaandika "Karibuni Chilangala", akabonyeza. Mwenzake wa upande wa pili akapaza sauti, "Mama, nakusoma huku!"

Mama akaenda kuhakikisha mwenyewe, mikono ameiweka nyuma. "Mtandao umerudi?"

"Bado," mwalimu akajibu.

Akatabasamu, akarudi kuendelea na kazi.

Tulipotoka nilimpongeza rafiki yangu kwa ubunifu. Akainamisha uso.

"Hilo nalijua tangu chuoni," alisema. "Ila hakuna aliyewahi kukataa kwenda nyumbani."